Moto wa Juu na Chini

Mwezi uliopita mimi na mume wangu tulitimiza miaka 5 ya ndoa. Nikasema hotelini haendi mtu, naoka nyama mwenyewe nyumbani Kongowe (ya Kibaha jamani, si ile ya Mbagala!). Ukweli ni kwamba tulikuwa tumenuniana wiki nzima kisa kazi zangu za usiku, na nyama hiyo ndiyo ilikuwa samahani yangu.

Nilichukua buchani kipande kizima cha steki, kilo 2. Nikakitobwatobwa, nikakipaka tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na kijiko kimoja cha papai bichi lililosagwa. Papai hulainisha, ukizidisha, nyama inarojeka. Saa 11 jioni naingiza kwenye oveni, umeme huo, ukakatika! Nusura nilie.

Mzee akavua tai kimya kimya, akawasha mkaa. Sufuria nzito, moto kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko, kama mama zetu walivyooka keki. Tukapepea kwa zamu zaidi ya saa 2, na hapo ndipo maneno yakatoka. Samahani niliisema jikoni, kabla nyama haijaiva.

Ipumzishe dakika 15 ndipo ukate. Na usiipike peke yako.