File si mali ya warefu



Tunaomba nafasi kidogo mu gazeti letu juu ya jambo moja la kiwanja. Wote munajua namna tulishindwa volebol ile Jumamosi: seti tatu kwa moja, mbele ya wageni, hapa kwetu. Tangu ile siku, mu interna na kwenye mstari wa chakula, tunasikia paka neno moja: «Wale ni warefu, siye tuko wafupi, tungefanya nini?» Wengine wanatupa kosa juu ya mwamuzi. Wengine wanasema file ni ya zamani, imeshonwa na kamba.

Siye wa mwaka wa sita ndio tulicheza ile machi, na tunataka kusema kweli: haina vile. Tulikaa na mwenzetu aliyeandika pointi mu daftari, tukahesabu moja moja. Zile tulizopoteza juu ya smashi ya nguvu zilikuwa chache. Zingine nyingi zilianguka pole pole, pahali hapakuwa mtu. Watatu wa mbele wanaruka pamoja, watatu wa nyuma nao wamekuja mbele kutazama, na balo inakwenda kulala kule nyuma peke yake, sawa mbuzi aliyekosa mchungaji.

Hesabu ni nyepesi. Upande mmoja wa kiwanja ni metre 9 kwa metre 9. Mstari wa mbele uko metre 3 toka kwenye file. Kama watu sita wote wanajazana ndani ya zile metre 3, metre 6 za nyuma zinabaki shamba wazi. Adui hana lazima ya nguvu. Macho tu yanamtosha.

Basi, tusimame namna gani? Hatuko walimu, lakini tulijifunza kwa kushindwa. Yule wa bloku asiruke mara tu balo inapopanda. Amtazame kwanza yule anayegawa balo, kisha amtazame mpigaji: mabega yake na mkono wake. Wengi wetu tunaruka mapema. Tunashuka wakati mwenzetu wa ngambo ndiyo kwanza anapiga. Tena asipige file na mikono. Ainue mikono yake juu, aipeleke karibu na file bila kuigusa, na vidole vikaze. Akiruka mbali na file, balo inapita katikati ya mikono na file, inashuka kwetu.

Wawili wakiruka bloku, wa tatu wa mbele asibaki kuwashangilia. Arudi nyuma kidogo, juu adui anaweza kudanganya, akasukuma balo pole nyuma ya migongo yao. Wa nyuma nao wasijifiche nyuma ya bloku. Ile njia imekwisha kufungwa. Wachunge njia zingine. Wainame kidogo, wasimame imara mbele ya mpigaji kugusa balo. Mtu anayekimbia wakati ule hawezi tena kugeuka. Na wakati ni siye tunapiga smashi, wengine wakaribie mpigaji wetu, kwa sababu balo ikikutana na bloku inarudi mara moja kwenye miguu yake. Pale tulipoteza pointi mara mingi, wote tukiwa tumeinua vichwa kungojea makofi.

Munasema ni urefu? Sikieni. Mu mwaka 1964, volebol iliingia mara ya kwanza kwenye Michezo ya Olimpiki, kule Tokyo. Wabinti wa Japani walikutana na wabinti wa Soviet, waliokuwa warefu kuwapita, wakawashinda seti tatu kwa sifuri. Wengi mu ile ekipe walikuwa wafanyakazi wa kampuni moja ya nguo. Kazi mchana, mazoezi kisha kazi. Silaha yao kubwa haikuwa smashi. Ilikuwa kuokota balo: kusimama pahali panapofaa, kujitupa chini, kubingirika na kusimama tena.

Na aliyeanzisha mchezo huu, William G. Morgan, hakuufikiria kwa ajili ya majitu. Mu mwaka 1895, kule Holyoke, Marekani, alitafuta mchezo wa watu wazima ambao basketi iliwachokesha sana. File yake ilikuwa chini ya metre 2. Leo iko metre 2 na santimetre 43 kwa wanaume, na metre 2 na santimetre 24 kwa wanawake. File ilipanda, ndiyo, lakini sakafu ilibaki pale pale chini, na balo inahesabiwa ikianguka chini.

Sasa neno linalotuuma. Juu ya nini hatujui kusimama? Juu kila siku jioni kiwanja ni chetu siye wakubwa, na mazoezi yetu ni mamoja tu: kupanga mstari mbele ya file, kila mtu apige smashi yake, watazamaji wapige kelele. Wadogo wa mwaka wa kwanza na wa pili wanaokota balo mu majani. Wabinti wanangojea mpaka giza. Siye tuliopewa kazi ya kuchunga nidhamu tuliwafukuza wenyewe, tena kwa filimbi ya masomo. Ile filimbi hatukupewa juu ya kazi ile. Tunawaomba msamaha.

Kwa wale watakaosema «waacheni wakubwa wacheze, wana machi», tunajibu: siye tunakwenda kufanya Egzame ya Dola na kuondoka. Nani atabaki na hii ekipe? Mutoto aliyeokota balo miaka tatu anajua paka kuokota majani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. La kwanza: Jumatano jioni kiwanja kiwe cha madarasa ya chini, na Ijumaa kiwe cha wabinti, kuanzia saa ya kwanza ya mchezo, si kisha siye kuchoka. La pili: kila siku, nusu saa ya kwanza, hakuna smashi. Kupokea, kugawa, kusimama, kuhama pahali pamoja na wenzako. Wakubwa nao, hata wale warefu.

Bwana mwalimu wa michezo akikubali, siye tutaanza juma linalokuja. Filimbi tutamrudishia yeye. Na Jumatano ya kwanza, kama balo inaingia mu majani, tutakwenda kuiokota siye wenyewe.

Kapita wa interna, kwa jina la wenzake wa mwaka wa sita