Baba, Mwana na Meza Kuukuu

Ndugu msomaji, ni mara ngapi mtoto amekuomba kitu usichokimudu, nawe ukamjibu, "Hakuna fedha," na mazungumzo yakaishia hapo? Juma hili nakusimulia habari za mzazi mmoja aliyejibu vingine.

Mwezi wa Agosti, mwaka 1963, huko Feltham karibu na London, kijana wa miaka 16 aitwaye Brian May alitamani gita la umeme. Magita ya dukani yaliwashinda bei. Baba yake, Harold May, alikuwa fundi wa elektroniki. Fedha za kununulia gita hakuwa nazo, ila alikuwa na patasi, msumeno na saa zake za jioni. Wakaamua kulitengeneza wenyewe.

Shingo waliichonga kutoka ubao wa mkangazi uliopamba meko ya zamani. Walichagua vema, kwani mbao mbichi hukauka ikapinda, bali ya siku nyingi imekwisha kutulia. Vitundu vya wadudu kijana aliviziba kwa njiti za kiberiti. Ndani ya shingo walitia chuma cha kuhimili mvuto wa nyuzi. Kiwiliwili kilipatikana katika meza kuukuu ya mwaloni, na springi katika injini ya pikipiki ya mwaka 1928. Mama naye alichangia: vifungo vyake vya chaza vikawa alama za shingoni, na sindano yake ya kufumia ikawa ncha ya mkono wa kutikisia sauti. Sumaku za kunasia sauti walizojitengenezea hazikuridhisha, wakalazimika kununua nyingine.

Kazi hiyo ilichukua yapata miaka miwili, kwa gharama ya pauni 8 hivi. Gita hilo ndilo Brian alilolipiga katika bendi ya Queen, pamoja na Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Mwaka 2002 alilipiga juu ya paa la kasri ya Malkia wa Uingereza.

Lakini furaha haikosi doa. Katika miaka ya 1970 Brian aliacha masomo ya udaktari wa elimu ya nyota ili afuate muziki. Mzee aliumia sana. Chombo alichokichonga kwa mikono yake ndicho kilichomtoa mwana katika njia aliyomtakia! Moyo wake ulilainika baadaye, alipokwenda New York akamwona mwanawe akipiga mbele ya maelfu ya watu. Shahada hiyo Brian aliipata mwaka 2007, baba akiwa amekwisha kufariki.

Mzazi hawezi kumchagulia mwana mwisho wa safari. Awezalo ni kumpa saa zake, naye atakwenda nazo popote aendapo. Basi jioni hii, ndugu yangu, ukisha kuvua sare, itazame ile meza iliyovunjika mguu kabla hujaipasua kuni. Mwite mtoto, mwulize, "Tuifanye nini hii?"

Tukutane juma lijalo.