Mtoto Akikataa Nafasi Kwenye Igizo la Skuli, Tumuulize Kwanza



Darasa la saba hufanya mtihani wao wa taifa mwezi wa Septemba, na wiki za karibu na hapo huwa za mahafali. Skuli za pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chamazi huko Temeke hadi Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni, hujaa mazoezi ya ngonjera, nyimbo na maigizo. Wengi wetu huku visiwani tuna dada, mashoga na wajukuu wanaoishi huko. Msimu huu ukifika, tukipigiana simu, mara nyingi kuna hadithi ya mtoto aliyepewa nafasi asiyoitaka. Analia, hataki kwenda mazoezini, na mama hajui asimame na mtoto au na mwalimu.

Sisi tunasema asimame kwanza na swali: kwa nini hutaki, mwanangu? Jibu la mtoto ndilo liamue.

Maana kutotaka kuna namna zake. Kuna mtoto aliyetamani kuwa malkia akapewa kuwa jirani mwenye sentensi moja. Huyo apewe pole, kisha aende akaseme sentensi yake vizuri. Kuna mwingine hataki kuwa mtu mbaya. Huyo aelezwe kwamba igizo halisimami bila mbaya wake. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inahusu Vita vya Majimaji, na haiwezi kuchezwa bila wa kuigiza upande wa Mjerumani. Anayeigiza dhalimu hajawa dhalimu. Hapo mtoto anajifunza subira na kutumikia wenzake, na tukimtoa haraka tunamnyima somo.

Lakini kuna nafasi ya namna nyingine, nayo ndiyo inayotufanya tuandike. Mwalimu anatafuta wa kuwa ombaomba, jicho linamwangukia mtoto mwenye sare iliyochakaa. Anatafuta bibi mnene wa kuchekesha, anamchagua msichana mwenye mwili. Anatafuta mchawi, anamchagua mweusi kuliko wote; anatafuta mlevi, anamchagua yule ambaye mtaa mzima unajua baba yake anakunywa. Pengine hakuna nia mbaya. Darasa lina watoto wengi, muda ni mfupi, na mwalimu anachukua anayefanana na nafasi. Ila mtoto anaelewa vizuri kwa nini amechaguliwa yeye. Hapo haigizi tena. Anaoneshwa kwa watu.

Na igizo haliishi siku ya mahafali. Amri Athumani wa Tanga aliitwa King Majuto hadi alipofariki mwaka 2018, na Lucas Mhuvile nchi nzima inamjua kwa jina la Joti. Hao ni watu wazima waliofanya kazi ya kuchekesha kwa hiari yao na majina hayo yakawalisha. Mtoto wa darasa la nne akiitwa "Ombaomba" mwaka mzima kwenye foleni ya uji halipwi chochote. Surat Al-Hujurat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na imewataja wanawake kwa wanawake waziwazi. Hatuoni kwa nini makatazo hayo yasimame mlangoni mwa ukumbi wa skuli.

Wazee watatuambia tunadekeza: zamani mtoto aliambiwa akafanya. Tunawaheshimu, lakini dini yetu ina mifano ya kumsikiliza mdogo. Nabii Ibrahim (a.s.), pamoja na amri aliyoiona ndotoni, alimweleza mwanawe na kumuuliza ana rai gani. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) aliletewa kinywaji, kuliani kwake kakaa kijana mdogo na kushotoni wazee. Alimwomba kijana ruhusa awape wazee kwanza. Kijana akakataa kuitoa fungu lake, na Mtume akamkabidhi yeye kinywaji. Hakumkaripia.

Hata sheria ya nchi iko hapo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake.

Basi mama afanyeje? Asiende skuli na maneno ya ukali mbele ya darasa, maana mwalimu akiaibishwa, deni atalilipa mtoto. Aende asubuhi au baada ya vipindi, amsalimie mwalimu, amshukuru kwa kazi, kisha aseme wazi: mwanangu yuko tayari kushiriki, ila nafasi hii inamgusa nyumbani, naomba abadilishwe. Na aje na pendekezo. Mtoto anaweza kuwamo kwenye ngonjera, kuwakumbushia wenzake maneno, kupanga mavazi au kumkaribisha mgeni rasmi. Ombi lenye njia mbadala halimbani mwalimu ukutani. Hivyo hivyo kwa binti anayeona haya kuigiza bibi harusi akishikwa mkono na mvulana. Haya yake ni sehemu ya imani, isichekwe.

Na mtoto akiridhia mwenyewe kubaki na nafasi ngumu, tumsaidie. Afanye mazoezi nyumbani mbele ya watu wachache wanaompenda. Siku yenyewe ikiisha, abadilishe nguo pale pale na aitwe kwa jina lake. Kaka na dada waambiwe mapema kwamba video haiendi kwenye status wala kwenye kundi la familia mpaka mwenyewe aseme ndiyo.

La mwisho ni letu sisi mama. Mara nyingine mtoto hasikilizwi kwa sababu tumeshashona nguo, tumeshaalika mashoga, tunataka picha. Picha nzuri ya mtoto aliyeumia tutakuja kuitazama peke yetu. Yeye hatataka kuiona.

Allah atuhifadhie watoto wetu, awape walimu wao subira, na atupe sisi masikio ya kuwasikia. Amin.