Tumbo la mgonjwa wa saratani ya damu halingoji asubuhi

Mtu anayetibiwa saratani ya damu akisema tumbo linamuuma, jamaa zake wengi humpa vidonge vya kutuliza maumivu na kumwambia alale. Wakimpeleka zahanati ya mtaani, huenda akapimwa homa ya matumbo, akaandikiwa dawa na kurudishwa nyumbani. Huo ni mchezo wa hatari, na haifai lawama kuwekewa jamaa peke yao.

Dawa za kemotherapi huua seli zinazozaliana kwa haraka. Seli za saratani ni za namna hiyo, lakini pia zile zinazofunika njia ya chakula tangu kinywani hadi mwisho. Ndiyo sababu mgonjwa hupata vidonda mdomoni, akashindwa kumeza hata uji, akahara. Wakati huo huo chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, huwa zimepungua. Aina iitwayo nutrofili ikishuka chini ya 500 katika kila maikrolita ya damu, viini vinavyoishi tumboni bila kumdhuru mtu hupenya ukuta wa utumbo uliochubuka na kuingia katika damu.

Mahali panaposhambuliwa sana ni mwanzo wa utumbo mpana, upande wa chini kulia. Madaktari huuita ugonjwa huo tifilitisi. Asiyejua atadhani ni kidole tumbo. Utumbo unaweza kutoboka na mgonjwa akafariki kwa muda mfupi.

Linaloponza hata baadhi ya wahudumu wa afya ni kwamba tumbo lenyewe huenda likawa laini likibonyezwa. Usaha hutokana na chembe nyeupe, naye hana. Akiwa anameza prednisoni, ambayo hutumiwa kutibu aina kadhaa za saratani hii, maumivu hufichika zaidi. Parasetamoli nayo hushusha homa huku maambukizi yakiendelea. Aspirini na ibuprofeni ni mbaya zaidi, kwa kuwa chembe za kugandisha damu pia zimepungua na mgonjwa anaweza kutokwa damu tumboni. Choo cheusi kama lami ni dalili mojawapo. Na wale wanaokimbilia kumpiga bomba kwa sababu choo kimefunga (dawa ya vinkristini hufunga choo kweli) waache kabisa, kwani humjeruhi na kumfungulia viini mlango.

Kipimajoto cha kwapani kiwe nyumbani. Joto likifika 38 na kubaki hapo kwa saa moja, safari ya hospitali ni usiku huo huo. Akifika anapaswa kuanza kudungwa antibiotiki mshipani ndani ya saa moja, wala si baada ya kupanga foleni.

Hapa ndipo nalaumu hospitali zetu. Mgonjwa hutibiwa Nairobi au Eldoret, kisha akarudi kwao safari ya siku nzima bila karatasi ya kumweleza daktari wa huko kinachomsumbua. Kila hospitali inayotoa kemotherapi impe mgonjwa kadi yenye jina la ugonjwa, dawa alizopewa, tarehe ya mwisho aliyodungwa na nambari ya simu ya wodi inayojibiwa hata usiku. Juu yake kuandikwe kwa herufi kubwa kwamba homa au maumivu ya tumbo ni dharura, na kwamba mwenye kadi asiketi kwenye foleni. Mlinzi wa langoni na karani wa mapokezi nao wafunzwe kuitambua, kwa sababu wao ndio wanaokutana na mgonjwa kwanza.