Madaktari na serikali meza moja: Kanada inavyojaribu kurudisha imani ya wagonjwa wa jamii za kiasili

Hapa Kenya ukisikia madaktari na serikali wameketi meza moja, akili yako inakimbia moja kwa moja kwa mgomo. Mgomo ulioisha 2017 ulifika siku 100. Ule wa 2024 ulichukua siku 56. Mjadala ulikuwa mishahara, mkataba ambao haujatekelezwa na malipo ya madaktari wanagenzi. Mgonjwa naye alikuwa nje ya mlango, akisubiri wakubwa waelewane.

Kule British Columbia, mkoa ulioko magharibi mwa Kanada, meza kama hiyo ipo na pesa huzungumzwa pia. Lakini kwa miaka kadhaa sasa kumewekwa swali jingine juu yake: mbona watu wa jamii za kiasili, waliokuwa kwenye ardhi hiyo kabla Mzungu hajafika, wanaogopa kwenda hospitali?

Jibu lao linakuhusu hata kama hujawahi kukanyaga Kanada. Na kama uko kwenye foleni ya viza kwenda kufanya kazi ya uuguzi au kutunza wazee majuu, basi linakuhusu zaidi.

Tuanze na kilichowafikisha hapo.

Wagonjwa wawili

Mwaka wa 2008 mjini Winnipeg, Brian Sinclair, mwanamume wa miaka 45 aliyetumia kiti cha magurudumu, alifika kitengo cha dharura akiwa na barua kutoka kliniki. Mpira wake wa mkojo ulikuwa umeziba na alikuwa na maambukizi ya kibofu, ugonjwa unaotibika. Alikaa pale saa 34 bila kuhudumiwa. Alipokuja kuangaliwa, alikuwa ameshafariki. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulisikia kwamba baadhi ya wafanyakazi walidhani amelewa, wengine walidhani hana makao na amekuja kukwepa baridi. Hakuna aliyemuuliza.

Miaka 12 baadaye, Septemba 28, 2020, Joyce Echaquan, mama wa watoto saba kutoka jamii ya Atikamekw, alikuwa amelazwa katika hospitali ya Joliette, mkoani Quebec, akilalamika maumivu ya tumbo. Alichukua simu na kuanza kurusha video mubashara kwenye Facebook. Wahudumu walisikika wakimtukana kwa Kifaransa, wakimwita mjinga na kumkejeli kuhusu maisha yake. Alifariki siku hiyo hiyo. Alikuwa na miaka 37.

Muuguzi na msaidizi waliosikika kwenye video walifutwa kazi. Ripoti ya afisa wa kuchunguza vifo, Géhane Kamel, iliyotoka 2021, ilisema wazi kwamba ubaguzi wa rangi na dhana potovu vilichangia kifo chake, na kwamba kifo hicho kingeweza kuzuiwa.

Sasa angalia kitu kimoja. Wote wawili walifika hospitalini. Si kwamba hospitali ilikuwa mbali, wala dawa hazikukosekana. Madaktari walikuwepo, vitanda vilikuwepo, na matibabu hayakuwa ya kulipishwa mlangoni. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaamini wanaposema wanaumwa.

84 kwa kila 100

Mwaka huo huo wa 2020, British Columbia ilipata kashfa yake. Kulikuwa na madai kwamba wahudumu wa vitengo vya dharura wanacheza mchezo wa kubahatisha kiwango cha pombe kwenye damu ya wagonjwa wa kiasili. Waziri wa Afya wa mkoa, Adrian Dix, aliagiza uchunguzi huru.

Ripoti ilitoka Novemba 2020 baada ya kusikiliza karibu watu 9,000. Haikupata ushahidi kwamba mchezo wenyewe ulikuwa umepangwa jinsi ilivyodaiwa. Lakini ilipata jambo zito zaidi: asilimia 84 ya watu wa jamii za kiasili waliojibu walisema wamebaguliwa kwa namna fulani katika huduma za afya. Hata wahudumu wa afya wenyewe wanaotoka jamii hizo hawakusazwa. Asilimia 52 kati yao walisema wamekumbana na ubaguzi kazini. Ripoti iliacha mapendekezo 24.

Na usidhani woga huu ulianza juzi. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita, serikali ya Kanada iliendesha hospitali za kando kwa ajili ya watu wa kiasili peke yao, zilizojaa kupita kiasi na zilizotengewa pesa kidogo. Miaka ya 1940 na 1950, watafiti walifanyia majaribio ya lishe watoto wa jamii hizo waliokuwa wamewekwa katika shule za bweni. Kuna wanawake waliofungwa uzazi bila hiari yao. Bibi akimwambia mjukuu wake aepuke hospitali, bibi huyo hana ujinga. Ana kumbukumbu.

Kwani usalama wa kitamaduni ni nini?

Neno linalotumika sana kwenye mjadala huu ni usalama wa kitamaduni. Halikuzaliwa Kanada. Lilitoka New Zealand mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa wauguzi wa jamii ya Maori. Inasimuliwa kwamba katika mkutano mmoja wa 1988, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza alisimama akahoji: tunafundishwa usalama wa kisheria, wa kimaadili na wa kitabibu, je, usalama wa utamaduni wetu uko wapi? Muuguzi na mwalimu Irihapeti Ramsden alilichukua wazo hilo akalijenga, na kufikia 1992 baraza la wauguzi la nchi hiyo lilikuwa limeliingiza katika mafunzo.

Wengi wakilisikia wanafikiria ni somo la mila: wanakula nini, wanavaa nini, wanasalimiana vipi. Hapana. Unaweza kujua mila zote za mtu na bado ukamdharau.

Kiini chake ni hiki: anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni mgonjwa. Daktari hawezi kujipa alama. Kama mgonjwa alitoka pale akiwa amenyamazishwa au ameaibishwa, au alilazimika kuficha yeye ni nani ndipo atibiwe, huduma haikuwa salama, hata kama sindano ilidungwa mahali sahihi. Mtu aliyeaibishwa harudi. Ugonjwa ambao ungetibiwa kwa tembe unamrudisha baadaye akiwa kwenye ambulensi.

Kwa nini meza moja?

Hapa ndipo siasa inaingia. Mtu anaweza kuuliza, si waziri atoe tu amri? Shida ni kwamba Kanada madaktari wengi hawajaajiriwa na serikali. Wanaendesha kliniki zao na kuitumia serikali bili. Serikali ina pesa na sheria, lakini haimo ndani ya chumba cha daktari. Chama cha madaktari kinasikizwa na wanachama wake, lakini hakina hazina. Kila upande ukienda kivyake, haufiki mbali.

Ndiyo maana British Columbia ina kamati nne za pamoja kati ya serikali na chama cha madaktari, Doctors of BC. Moja ni ya madaktari wa familia, nyingine ya madaktari wataalamu, nyingine ya kuwaunganisha hao wawili, na ya nne ni ya maeneo ya mashambani. Maamuzi hufanywa kwa kuelewana, si kwa upande mmoja kuuzidi mwingine kura. Usalama wa kitamaduni umeingia katika kazi za kamati hizi.

Lakini kilichoipa meza hiyo uzito ni kiti cha tatu. Mwaka wa 2011 viongozi wa Mataifa ya Kwanza, yaani jamii za kiasili zinazojitambulisha kwa jina hilo, walitia saini mkataba na serikali ya kitaifa na ile ya mkoa. Oktoba 2013 shirika lao wenyewe, First Nations Health Authority, lilichukua huduma zilizokuwa zikiendeshwa na wizara ya kitaifa, kwa niaba ya jamii zaidi ya 200. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jambo kama hilo kufanyika katika mkoa mzima nchini Kanada.

Baada ya hapo mambo yakafuatana. Mwaka wa 2015 wakuu wa mashirika ya afya ya mkoa walitia saini tamko la kujitolea kwa usalama wa kitamaduni. Kufikia 2017 mabaraza yote 23 yaliyosimamia taaluma za afya wakati huo yalikuwa yamefanya hivyo. Na 2022, bodi inayowapa madaktari leseni ilitoa kanuni rasmi: daktari ajichunguze mwenyewe kwanza, asome historia, amshirikishe mgonjwa na familia yake, na akiona mwenzake anabagua, asinyamaze.

Tofauti kati ya tamko na kanuni ni kubwa. Tamko ni ahadi. Kanuni ndiyo kipimo mgonjwa anaweza kushika mkononi anapopeleka malalamishi.

Pesa nazo zina sauti. Kwa muda mrefu daktari wa familia kule alilipwa zaidi kwa idadi ya wagonjwa aliowaona. Ukiwaharakisha, unapata doo zaidi. Sasa fikiria mama mwenye kumbukumbu ya miaka 50 ya kudharauliwa, anahitaji dakika 30 kabla hajasema kinachomuuma. Mfumo ulikuwa unamwadhibu daktari anayemsikiliza. Februari 2023, baada ya mazungumzo kati ya serikali na chama cha madaktari, ulianza mfumo mpya unaomlipa daktari wa familia pia kwa muda anaotumia na kwa uzito wa mahitaji ya wagonjwa wake. Haukuundwa kwa ajili ya jamii za kiasili peke yao, lengo kuu lilikuwa kuziba upungufu wa madaktari wa familia. Hata hivyo, unaonyesha kwamba heshima pia inahitaji bajeti.

Quebec walikosea wapi?

Linganisha na Quebec. Baada ya kifo cha Joyce Echaquan, watu wa Atikamekw waliandika waraka unaoitwa Kanuni ya Joyce, wakidai haki ya kupata huduma za afya bila kubaguliwa. Serikali ya mkoa ilikataa kuupitisha kwa sababu waraka huo unakiri kuwepo kwa ubaguzi wa kimfumo, maneno ambayo serikali hiyo haikuyataka.

Desemba 2024 Quebec ilipitisha sheria yake ya usalama wa kitamaduni. Kwa jina, ni jambo lile lile. Ila viongozi wa jamii za kiasili waliipinga, wakilalamika kwamba imetengenezwa bila wao. Kumbuka maana ya neno lenyewe: mgonjwa ndiye anayeamua. Sheria ya usalama wa kitamaduni inayopitishwa huku wahusika wakiikataa imeanguka mtihani wake wa kwanza.

Hiyo haimaanishi British Columbia wamefika. Kozi ya mtandaoni inaweza kumalizwa na mtu aliyefungua kurasa huku akichati. Cheti ukutani hakibadilishi kinachosemwa kwenye chumba cha wauguzi saa nane usiku. Na jamii zilizo mbali na miji bado husafiri mwendo mrefu kumwona mtaalamu. Septemba 2024, jijini Victoria, rais wa Chama cha Madaktari cha Kanada, Joss Reimer, aliomba radhi rasmi kwa madhara ambayo taaluma yake imewafanyia watu wa kiasili, tangu chama hicho kianzishwe 1867. Ni miaka 157 ya kusubiri neno samahani. Kwa hivyo mtu wa jamii hizo akisema anangoja kuona vitendo, mwelewe.

Wewe unaingia wapi?

Kila mtaa Nairobi, Mombasa au Eldoret una msee anayesomea uuguzi au kozi ya kutunza wagonjwa akiwa na Kanada kichwani. Wengi wanajiandaa kwa mtihani wa Kiingereza, karatasi za viza na nauli. Wachache wanajua kwamba watakutana na mgonjwa ambaye babu yake alilazwa hospitali ya kando, na ambaye atawaangalia jinsi anavyoiangalia sare yoyote ya hospitali: kwa tahadhari.

Usitegemee kwamba kwa kuwa wewe ni Mwafrika, na nchi yako pia ilitawaliwa, basi utaaminiwa bure. Dhana kwamba hawa watu ni walevi au wavivu utaisikia kwenye wiki ya kwanza kazini, pengine kutoka kwa mtu mpole anayekusaidia kutulia. Mfanyakazi mgeni, mwenye kibali cha muda na deni la nauli, ndiye rahisi zaidi kucheka na wenzake ili akubalike. Kanuni ya 2022 iliandikiwa madaktari, na wauguzi wa mkoa huo wana yao inayofanana nayo. Inakutaka ufanye kitu kigumu zaidi ya kutotukana. Inakutaka useme.

Waliompita Brian Sinclair kwa saa 34 hawakumtukana. Wengi wao walipita tu, kila mmoja akidhani anajua kwa nini yuko pale. Kumuuliza kungechukua dakika moja.