Damu ya Likasi isomwe Lubumbashi

Sehemu kubwa ya urani iliyotengeneza bomu la Hiroshima, Agosti 6, 1945, ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mgodi ulifungwa kwa amri ya rais mwaka 2004, lakini wachimbaji wadogo waliendelea kuingia, na wengine walifia humo ulipoporomoka Julai mwaka huohuo. Watu wa Likasi bado wanauliza swali lilelile: vumbi hili linafanya nini mwilini mwetu?

Jibu la kwanza lipo. Mwaka 2018, Profesa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walikuta kobalti nyingi mwilini mwa wakazi wa Kasulo, Kolwezi, na dalili za kuharibika kwa DNA kwa watoto. Hatua inayofuata ni kusoma RNA.

DNA ni kama kitabu cha mwili; RNA ni nakala za kurasa zinazotumika saa hii. Seli ikiguswa na mionzi, huwasha jeni fulani, zikiwemo zile za kurekebisha DNA. Ukihesabu nakala hizo, unaona mwili unapambana na nini, hata kama mtu hajaanza kuumwa.

Kazi hii haijifunzwi kwa karatasi tu. RNA huharibika haraka, hivyo huhifadhiwa kwa baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na umeme wetu tunaujua. Sampuli za Likasi zikipimwa Jumatatu, na za watu wanaoishi mbali na migodi Ijumaa, tofauti inaweza kuletwa na siku ya kupima, si vumbi. Na ukilinganisha jeni karibu 20,000 bila hesabu makini, mamia zitaonekana zimebadilika kwa bahati tu.

Wako wanaosema ni nafuu kutuma damu Ulaya. Kuhusu bei ya mashine, wana haki. Lakini asiyejua kusoma majibu hawezi kuuliza swali la pili. Nchi ina wataalamu: INRB, yenye maabara Kinshasa na Goma, husoma vinasaba vya Ebola na mpox, na aina mpya ya mpox ya Kamituga ilitambuliwa kwa njia hiyo. Mashine ya Kinshasa itumike kwanza. Kutayarisha sampuli na kuchambua majibu kufundishwe Lubumbashi.

Pesa je? Sheria ya madini ya 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na asilimia 10 inaingia mfuko wa vizazi vijavyo. Friza, jenereta, kompyuta na posho za wanafunzi wa masta si mzigo kwa Haut-Katanga. Tunaomba serikali ya jimbo na UNILU wakae mezani na INRB, na kozi hiyo ianze.

Tena kwa sharti moja: kila mkazi wa Likasi atakayetoa damu aelezwe kwa Kiswahili inakokwenda, na majibu yamrudie yeye kwanza.