MSOMI, TOPE HALIKUHUSU?

Mimi nimeishia kidato cha nne. Naandika riwaya, shahada sina. Lakini hili nitalisema, atakayenuna na anune.

Wapo wanaosomea historia na nadharia ya usanifu majengo na sanaa hadi uzamili, hadi uzamivu. Safi kabisa. Ila mbona wengi ukiwasikia ni Kilwa, ni Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni matumbawe na milango ya nakshi? Kwani huku kwetu Chitete, Wilaya ya Momba, watu walikuwa wakilala juu ya miti?

Mwaka 1896 Waingereza wawili, Banister Fletcher baba na mwana, walitoa kitabu kikubwa cha historia ya usanifu. Toleo la 1901 likaigawa dunia mafungu mawili: mitindo yenye historia na isiyo na historia. Wahindi, Wachina, hata usanifu wa Kiislamu, vikatupwa fungu la pili. Maana yake hata Kilwa ingeangukia huko! Leo Kilwa ni urithi wa dunia tangu 1981. Sasa na sisi tumegeuka akina Fletcher: mawe yana historia, tope halina.

Eti tope halidumu. Na mawe je? Magofu ya Kilwa yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014 baada ya kukarabatiwa. Msikiti Mkuu wa Djenné, Mali, uliojengwa upya 1907, ni wa udongo. Umesimama kwa sababu wenyeji huusiriba mwaka hadi mwaka. Kumbe kinachodumisha nyumba ni mikono, bwana.

Bibi yangu alijua udongo upi haupasuki, nyasi zikatwe lini, fito zifungwe kwa kamba ya mti gani. Mvua zikikatika anakandika, mimi nakanyaga tope. Juzi nilikaa niandike sura ya nyumba ile, nikakwama. Jina la mti ule limenitoka. Bibi hayupo tena. Nikaulize maktaba ipi?

Basi nyie mnaokwenda vyuoni, tunaomba tasnifu hata moja ya tope. Nasi tuliobaki, tusingoje shahada. Chukua daftari leo jioni, umfuate mzee wako, umuulize nyumba yake ilijengwaje. Kesho una hakika utamkuta?